Beki Aliyebaki Jina: Maisha ya Tim Horton (1930–1974)

Msafiri anayetoka kisiwani Mombasa na kuvuka Makupa hujikuta Changamwe, mahali ambapo reli, malori ya makontena na mabomba ya mafuta hukutana kabla ya kila kimoja kushika njia yake ya kwenda bara. Pana mtaa huko uitwao Magongo, ingawa magongo yatakayozungumziwa katika makala haya ni mengine kabisa. Barafu katika Changamwe ni kitu cha kununuliwa: huwekwa juu ya samaki au hutiwa katika maji ya ukwaju, na juani haidumu. Hata hivyo, barabara iyo hiyo ipitayo Changamwe, baada ya kilomita zipatazo 480, hupita mbele ya hoteli ya Panari jijini Nairobi, ambamo mwaka wa 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu. Ni humo vijana wa timu ya Kenya Ice Lions walimojifunzia hoki ya barafuni, wakichezana wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa timu nyingine nchini ya kushindana nayo. Mwaka wa 2018 vijana 12 kati yao walisafirishwa hadi Kanada, wakavalishwa jezi rasmi na kucheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wawili wanaotajika duniani kote. Aliyegharimia safari hiyo ni kampuni ya mikahawa ya kahawa na donati iitwayo Tim Hortons.

Ni rahisi kudhani kwamba Tim Hortons ni chapa tu, iliyobuniwa na watu wa matangazo kama zibuniwavyo chapa za sabuni. Sivyo. Ni jina la mtu aliyezaliwa, akafanya kazi, akaoa, akapata watoto na akafa. Mtu huyo hakuwa mwoka mikate wala mfanyabiashara kwa asili yake, bali alikuwa beki wa hoki ya barafuni, mmoja wa mabeki hodari zaidi wa karne ya ishirini.

Kabla ya kuingia katika maisha yake, yafaa mchezo wenyewe uelezwe kwa ufupi. Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Hawakimbii, bali huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombania kisahani cha mpira mgumu kwa magongo yaliyopinda nchani. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na wachezaji hupokezana uwanjani kila baada ya muda mfupi kwa kuwa mbio zake ni za kukata pumzi. Kusukumana kwa mabega kunaruhusiwa. Uwanja umezungushiwa ukuta wa mbao, na huo ukuta nao ni silaha katika mikono ya beki anayejua kuutumia.

Kazi ya beki ni kuzuia. Humwahi mshambuliaji, humfinya ukutani, humnyang'anya kisahani, kisha hukituma mbele ili wengine wakafunge na kushangiliwa. Mabao aliyofunga mshambuliaji huhesabiwa na kukaa vitabuni milele, lakini mabao ambayo hayakufungwa kwa sababu beki alikuwapo hayaandikwi popote. Hapa ndipo utanzu wa wasifu unapopata taabu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa na sauti ya kuegemea, sauti iliyokwisha kuhifadhiwa katika santuri. Anayeandika habari za beki ana kitu gani cha kuegemea? Aghalabu ana hesabu ya michezo tu: kwamba mtu huyu alikuwapo jana, akawapo leo, na kesho pia akawapo. Kwa Tim Horton, hesabu hiyo inatosha kuanzia.

Miles Gilbert Horton alizaliwa tarehe 12 Januari 1930 katika mji wa Cochrane, kaskazini mwa jimbo la Ontario. Majina hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa katika cheti, lakini mama yake, Ethel, alimwita Tim, na jina la mama likayashinda ya cheti. Baba yake, Aaron Oakley Horton, alikuwa fundi wa mitambo katika shirika la reli la Canadian National. Aliyekulia Changamwe karibu na njia ya garimoshi angeuelewa mji wa Cochrane bila shida. Mji huo haukuwa na sababu ya kuwapo ila reli. Ulianzishwa mwaka wa 1908 mahali ambapo njia mbili za reli zilikutana msituni, ukateketea kwa moto mwaka wa 1911, ukateketea tena mwaka wa 1916, na kila mara ukajengwa upya kwa kuwa garimoshi lilihitaji pa kusimama. Tofauti ni baridi. Huko majira ya baridi huchukua nusu ya mwaka, na maji hugeuka jiwe. Mtoto wa Cochrane hana haja ya kutafuta uwanja wa barafu, kwa maana uwanja huja wenyewe hadi mlangoni.

Utoto wake uliangukia katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia. Familia ilihama kwa kufuata riziki: ikaenda Duparquet, mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Quebec, ikarudi Cochrane, na hatimaye mwaka wa 1945 ikahamia Sudbury, mji wa madini ya nikeli. Hapana ajabu kwamba kijana aliyekulia katika mazingira hayo alikuwa na hofu ya umaskini isiyomtoka hata alipokuwa maarufu. Hofu hiyo, kama itakavyobainika, ndiyo iliyozaa mikahawa.

Sudbury ndipo kipaji chake kilipoonekana. Alichezea timu ya vijana ya Copper Cliff, kijiji cha wachimba madini kilicho pembeni mwa mji huo, na wapelelezi wa klabu ya Toronto Maple Leafs wakamwona. Mwaka wa 1947, akiwa na umri wa miaka 17, alipelekwa Toronto kusoma na kucheza katika shule ya St. Michael's, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kitalu cha klabu hiyo. Kimo chake hakikuwa cha kutisha, lakini kifua na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyebeba vyuma. Macho yake yalikuwa hafifu mno, hata nje ya uwanja hakuweza kufanya lolote bila miwani minene. Wenzake walimtania kwa kumfananisha na shujaa wa vitabu vya katuni ambaye mchana ni karani mpole mwenye miwani na usiku huinua majengo.

Wakati huo ligi kuu ya hoki, yaani NHL, ilikuwa na timu sita tu: Toronto na Montreal za Kanada, pamoja na Boston, New York, Detroit na Chicago za Marekani. Timu sita maana yake ni nafasi chache, na kijana aliyetaka kuingia ilimbidi asubiri mzee atoke. Horton alisubiri Pittsburgh, katika timu ya daraja la pili iliyomilikiwa na Toronto, tangu 1949 hadi 1952. Alionjeshwa ligi kuu kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1950, kisha akarudishwa Pittsburgh. Huko ndiko alikokutana na Dolores Michalek, aliyeitwa Lori, msichana aliyekuwa akicheza dansi ya barafuni katika maonyesho. Walioana mwaka wa 1952, na msimu uliofuata Horton akawa mchezaji wa kudumu wa Toronto. Walijaliwa mabinti wanne.

Mwanzo wake ulikuwa mwema. Mwaka wa 1954 aliteuliwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima. Mwaka mmoja baadaye nusura kila kitu kiishe. Tarehe 12 Machi 1955, katika mchezo dhidi ya New York, aliteleza mbele na kisahani huku kichwa kimeinama, akakutana na bega la beki mwenzake wa upande wa pili, Bill Gadsby. Mguu ulivunjika, na taya likavunjika. Alilala hospitalini na sehemu kubwa ya msimu uliofuata ilimpita. Alikuwa na umri wa miaka 25, ana mke na watoto wachanga, na mkataba ambao klabu ingeweza kuukatiza ikitaka. Zama hizo wachezaji hawakuwa na chama cha kuwatetea, na walio wengi walitafuta vibarua wakati wa kiangazi ili kujaliza mshahara. Beki aliyevunjika mguu alikuwa kama lori lililokatika ekseli: mwenyewe huliangalia, akapiga hesabu, akaamua kama lafaa kutengenezwa au kuuzwa vipande vipande.

Horton alirudi, ingawa ilimchukua muda kuwa yule yule. Aliyemtengeneza upya, kama yafaa kusemwa hivyo, alikuwa Punch Imlach, aliyeshika hatamu za Toronto mwaka wa 1958. Imlach alikuwa kocha mkali, mwenye kupenda wachezaji wakongwe na mazoezi ya kuchosha, na wengi walimchukia. Horton hakumchukia. Uaminifu wake kwa kocha huyu ni mojawapo ya mambo yanayojirudia katika maisha yake, na kama msomaji atakavyoona, ulimfuata hadi siku ya mwisho.

Imlach alimwoanisha na Allan Stanley, beki mzito, mwenye umri mkubwa zaidi na mwendo wa taratibu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa kuwa Stanley alibaki nyuma na hakutoka mahali pake, Horton alipata uhuru wa kuchukua kisahani mwenyewe na kupanda nacho mbele, jambo ambalo mabeki wa enzi zile hawakuzoea kulifanya. Shuti lake lilikuwa zito. Lakini kilichomtambulisha zaidi ya vyote ni kumbato lake. Katika mchezo ambao ngumi ni sehemu ya utamaduni, yeye hakupenda kupigana. Mtu alipomjia kwa ghadhabu, Horton alimzungushia mikono kiunoni, akamkaza na kumminya mpaka ghadhabu ikamtoka pamoja na pumzi. Gordie Howe wa Detroit, aliyeogopwa kuliko mchezaji yeyote wa zama hizo, alimhesabu Horton kuwa mwenye nguvu kuliko wote aliopata kukutana nao barafuni. Nguvu za namna hiyo mikononi mwa mtu mkorofi zingekuwa balaa. Kwa Horton zilikuwa kizuizi, na hakuna ushahidi bora wa tabia yake kama huo.

Kilele kilianza mwaka wa 1962. Katika mashindano ya mtoano ya kuwania Kombe la Stanley, Horton alichangia mabao 16 katika michezo 12, akifunga matatu na kutoa pasi 13 zilizozaa mabao, jambo ambalo beki yeyote hakuwahi kulifikia kabla yake. Bao lililoipa Toronto kombe, katika mchezo wa sita dhidi ya Chicago, lilifungwa na Dick Duff kwa pasi iliyotoka kwa Horton. Toronto ilitwaa kombe hilo tena mwaka wa 1963 na mwaka wa 1964. Horton mwenyewe aliingia katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi mwaka wa 1964, kisha tena mwaka wa 1968 na 1969, akiwa karibu na umri wa miaka 40, umri ambao mabeki wengi huwa wameshakuwa makocha au wauza bima.

Lakini rekodi iliyo kubwa kuliko zote ni ile isiyo na shangwe yoyote. Tangu tarehe 11 Februari 1961 hadi tarehe 4 Februari 1968, Toronto haikucheza mchezo hata mmoja wa ligi bila Horton. Michezo 486 mfululizo. Katika miaka hiyo saba alikuwa na majeraha, bila shaka, kwa kuwa hakuna beki asiyekuwa nayo, lakini kila jioni ya mchezo alifunga kamba za viatu na kuingia. Rekodi hiyo ya mabeki ilidumu kwa miaka 39, hadi mwezi wa Februari 2007 ilipovunjwa na Kārlis Skrastiņš wa Latvia. Ni vigumu kumweleza mtu asiyependa michezo uzuri wa jambo hili. Pengine watakaoelewa haraka ni wafanyakazi wa zamu: yule mfungua njia wa reli au mlinda mtambo ambaye miaka saba nzima hakuwahi kukosa zamu, na ambaye hakuna aliyemwona kwa sababu hakuna ajali iliyotokea.

Ndani ya miaka hiyo hiyo ndipo donati zilipoingia. Horton alijua kwamba mguu uliovunjika mara moja unaweza kuvunjika tena. Alijaribu kuuza magari, akajaribu mikahawa ya hambaga, na hakufanikiwa sana. Mwezi wa Mei 1964, wiki chache baada ya kutwaa kombe la tatu, alifungua duka la donati na kahawa katika barabara ya Ottawa mjini Hamilton, mahali palipokuwa kituo cha petroli. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma, na mji wa viwanda una watu wanaotoka kazini usiku wa manane na wanaoingia alfajiri. Watu wa namna hiyo huhitaji kitu cha moto na kitu kitamu. Anayezijua alfajiri za Changamwe, mahamri na chai ya maziwa barabarani kabla ya zamu ya kwanza, hahitaji kuelezwa mantiki ya biashara hiyo. Mwaka wa 1965 duka hilo la kwanza lilichukuliwa kwa leseni na Ron Joyce, aliyekuwa askari polisi wa mji huo, na mwaka wa 1967 Joyce akawa mshirika kamili. Joyce alikuwa na bidii na hesabu, Horton alikuwa na jina. Baada ya mazoezi ya asubuhi, beki huyo mashuhuri alionekana madukani akisaidia kazi kama mwajiriwa yeyote.

Mwaka wa 1967 Toronto ilishinda Kombe la Stanley kwa mara ya nne katika muda wa miaka sita. Kikosi hicho kilikuwa cha wazee watupu. Kipa Johnny Bower alikuwa na umri wa miaka 42, Stanley 41, Horton 37, nao waliishinda Montreal iliyokuwa na vijana wenye kasi. Ushindi ulipatikana tarehe 2 Mei, katika mwaka ambao Kanada iliadhimisha miaka 100 ya kuundwa kwake. Zaidi ya miaka 50 ilipita baada ya usiku huo bila Toronto kulishika tena kombe hilo. Pengine ndiyo sababu Wakanada wa rika fulani humkumbuka Horton kwa machozi: alikuwa katika picha ya mwisho yenye furaha.

Baada ya hapo klabu ilianza kubomoka. Mwezi wa Aprili 1969 Imlach alifutwa kazi, na Horton akatangaza kwamba kama kocha huyo hatakiwi, yeye pia ataondoka. Alishawishiwa kubaki kwa kuongezewa mshahara maradufu, lakini mshahara huo ndio uliomponza. Timu ilipokuwa ikishika mkia, beki ghali mwenye umri wa miaka 40 akawa mzigo, na mwezi wa Machi 1970 akapelekwa New York. Alikuwa ameitumikia Toronto kwa takriban miaka 20. Kutoka New York alichukuliwa na timu mpya ya Pittsburgh Penguins mwaka wa 1971, na huko akavunjika kifundo cha mguu. Kila mwaka wakati wa kiangazi alisema amestaafu, na kila mwaka wakati wa baridi alirudi. Biashara ilikuwa ikikua na haikumlazimu kucheza. Huenda hakujua namna nyingine ya kuishi, au huenda ile hofu ya Cochrane na Duparquet ilikuwa haijamwacha.

Mwaka wa 1972 Imlach alimwita tena. Kocha huyo sasa alikuwa meneja wa Buffalo Sabres, timu changa iliyoundwa mwaka wa 1970 katika mji wa Marekani uliopakana na Ontario. Alitaka mkongwe wa kuwafundisha vijana wake namna ya kusimama. Horton alikwenda, akawasimamisha, na mwaka wa 1973 Buffalo ilifika katika mashindano ya mtoano kwa mara ya kwanza. Ili kumshawishi acheze msimu mmoja zaidi, Imlach alimpatia gari la kifahari, De Tomaso Pantera, gari la Kitaliano lililoundwa kwa ajili ya mbio.

Tarehe 20 Februari 1974 Buffalo ilicheza Toronto, katika uwanja ule ule ambao Horton alikuwa ameumiliki kwa ujana wake wote. Alikuwa na maumivu ya taya, na kipindi cha tatu hakuingia, lakini vipindi viwili alivyocheza vilitosha kumtia miongoni mwa wachezaji watatu bora wa usiku huo. Buffalo ilishindwa kwa mabao 4 kwa 2. Baada ya mchezo hakupanda basi la timu. Aliendesha gari lake, akapitia ofisi ya kampuni yake mjini Oakville, akazungumza na Joyce, kisha akashika barabara kuu ya Queen Elizabeth kuelekea Buffalo. Alfajiri ya tarehe 21, karibu na mji wa St. Catharines, askari polisi aliliona gari likipita kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, akalifuata na kulipoteza. Pantera ilitoka barabarani na kubingirika. Horton hakuwa amefunga mshipi, akatupwa nje. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Kwa miaka 31 habari iliishia hapo, yaani ajali, usiku na mwendo wa kasi. Mwaka wa 2005 gazeti moja la Kanada lilifanikiwa kupata ripoti ya uchunguzi wa maiti, nayo ikaonyesha kwamba kiwango cha pombe katika damu yake kilizidi mara mbili kile kilichoruhusiwa na sheria, na kwamba kulikuwa na chembechembe za dawa za kusisimua na za kutuliza. Katika desturi za Waswahili marehemu hasemwi vibaya, na pana hekima katika desturi hiyo, kwa kuwa marehemu hawezi kujitetea. Lakini wasifu unaoishia penye kombe la nne na kurukia makaburini haumheshimu marehemu, bali humgeuza sanamu. Mwili uliocheza michezo 1,446 ya ligi kuu, uliovunjwa mguu, taya na kifundo, ulikuwa ukiamshwa kwa vidonge na kulazwa kwa vidonge. Horton hakuwa peke yake katika hilo, kwa maana wachezaji wengi wa zama hizo walitumia dawa kama hizo. Aliyewazuia wengine kwa kuwakumbatia hakuwa na mtu wa kumkumbatia yeye na kumnyang'anya ufunguo wa gari usiku ule. Na jambo hilo liliwahusu wengine pia, wale waliokuwa wakiitumia barabara ile alfajiri ile, ambao kwa bahati hawakuwa njiani mwake. Wakazi wa Changamwe, ambao barabara kuu imepasua katikati ya makazi yao, hawawezi kulipuuza hilo.

Lori alibaki na mabinti wanne na nusu ya kampuni iliyokuwa na maduka yapatayo 40. Mwaka wa 1975 alimuuzia Joyce hisa zake kwa dola milioni moja na gari la Cadillac. Baadaye kampuni ilipokuwa kubwa kupindukia alikwenda mahakamani, akidai kwamba wakati wa kuuza hakuwa katika hali ya kuamua vyema, lakini mwaka wa 1993 alishindwa, na rufani yake pia haikufaulu. Alifariki mwaka wa 2000. Mwanawe mkubwa, Jeri-Lyn, aliolewa na mtoto wa Joyce, kwa hiyo nyumba hizo mbili zilizogombana kwa mali ziliungana pia kwa ndoa, kisa ambacho mtunzi wa tamthilia angeogopa kukibuni. Maduka yaliongezeka hadi yakapita 4,000. Imefika mahali ambapo Mkanada akisema jina la Horton, msikilizaji hufikiria kikombe kabla ya kufikiria gongo.

Ulimwengu wa hoki ulimlipa polepole. Aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo mwaka wa 1977. Buffalo, aliyoichezea kwa muda usiotimia misimu miwili, iliitundika darini jezi yake nambari 2 mwaka wa 1996 ili isivaliwe tena. Toronto ilikawia zaidi. Nambari yake 7 ilivaliwa na wengine baada yake, na ni mwezi wa Oktoba 2016 tu ndipo klabu ilipoistaafisha rasmi, kwa heshima yake na ya King Clancy, aliyeivaa kabla yake. Clancy naye alikuwa beki. Miaka miwili baadaye wale vijana 12 wa Nairobi walitua Kanada wakiwa na tiketi zilizolipwa na kampuni yenye jina alilopewa na mama yake kule Cochrane. Mwaka huo mwenye jina alikuwa amekaa kaburini miaka 44, sawasawa na miaka aliyoishi.